KISU CHA ASKARI WA MIAVULI: JIBU LA SWALI LA MWALIMU

Ndugu Mhariri aliniomba niandike jambo la historia kwa ajili ya toleo hili la mkutano wetu. Nilifikiri kwanza kuandika habari za shule yetu, lakini hizo wako wanaozijua kuliko mimi. Basi nimeona afadhali nilipe deni. Deni lenyewe ni swali ambalo mwalimu wetu wa Historia alituuliza mimi na mwenzangu mmoja tulipokuwa kidato cha pili, nasi tukashindwa kulijibu.

Kisa chake ni hiki. Bwenini kwetu palikuwa na gazeti la picha lililochakaa, halina jalada, ambalo lilipita kitanda hadi kitanda. Ndani yake mlikuwa na picha ya askari wa miavuli wa Kijerumani wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Kofia yake ya chuma haikuwa na ukingo, magoti yake yalikuwa yamefungwa mito, na mkononi ameshika kisu. Maelezo ya chini ya picha yalikuwa yamechanika, kwa hiyo tuliyatunga wenyewe. Bweni zima liliamini kwamba watu hawa walishuka usiku kimya kimya na kuwakata walinzi shingo kabla hawajapiga kelele.

Mimi na mwenzangu hatukutosheka na hadithi. Tukachukua kipande cha msumeno wa chuma karakana, tukakipiga tupa siku kadhaa, tukakitia mpini wa mti wa mpera. Siku ya tatu, katika kuonyesha ushujaa wetu mbele ya mgomba nyuma ya jiko, mkono wa mwenzangu uliteleza kutoka kwenye mpini ukapita juu ya makali. Alishonwa nyuzi saba. (Akisoma hapa atajijua, na kovu lake bado analo.)

Tulitazamia viboko. Mwalimu alikitazama kile kisu, akakigeuza, kisha akauliza, "Kisu cha huyo askari wenu kilitengenezwa kukata nini?" Tukajibu kwa pamoja, "Shingo, mwalimu." Akasema, "Nendeni mkatafute. Mkipata jibu mniletee." Hatukupata jibu katika maktaba yetu, na muda si muda tukamaliza shule. Mwalimu sasa ni marehemu. Mimi nilikuja kulipata jibu kidogo kidogo, kwanza Chuo Kikuu, kisha katika kujisomea jioni baada ya kazi. Naliandika hapa kwa kuwa najua bado wapo vijana wanaopenda picha za namna ile.

WATU WALIOTOKA ANGANI

Ujerumani ya Hitler ilifungua shule ya kuruka kwa miavuli mjini Stendal, magharibi ya Berlin, mwaka 1936. Askari hawa hawakuwa wa Jeshi la Nchi Kavu kama wengi wanavyodhani, bali walikuwa chini ya Jeshi la Anga, lililoongozwa na Hermann Göring. Tangu mwaka 1938 mkuu wao alikuwa Jenerali Kurt Student, rubani wa Vita Kuu ya Kwanza, ambaye aliamini kwamba vita vijavyo vinaweza kuamuliwa na watu watakaoangushwa nyuma ya adui.

Wote walikuwa watu wa kujitolea. Kuruta alijifunza kwanza ardhini. Alijifunza kuruka kutoka katika mlango wa ndege ya bandia, kubiringika, na kukunja mwavuli wake kwa mikono yake mwenyewe, kwa maana anayeukunja vibaya hana wa kumlaumu. Palikuwa na zoezi moja ambalo ndilo linalotuhusu zaidi. Kuruta alifungwa mwavuli uliokwisha kufunguka, kisha rafadha ya ndege ikawashwa nyuma yake ili upepo wake umburute chini. Alitakiwa ainuke, aukimbilie mwavuli na kuuzunguka mpaka uanguke. Baada ya hayo aliruka mara sita kutoka katika ndege ya kweli, na hapo ndipo alipopewa beji ya mrukaji.

Mafanikio yao ya mwanzo yaliitisha dunia. Mwezi Aprili 1940 walishuka Denmark na Norway. Tarehe 10 Mei 1940 walishuka Uholanzi, na siku hiyo hiyo askari wapatao 85 walishuka kwa ndege zisizo na injini juu ya paa la ngome ya Eben-Emael huko Ubelgiji. Ngome hiyo ilikuwa na walinzi zaidi ya elfu moja, nayo ilisalimu amri siku ya pili yake. Tangu hapo askari wa miavuli akawa shujaa wa magazeti na sinema za Kijerumani. Lakini tazama ngome ile ilivunjwa kwa nini. Ilivunjwa kwa mabomu mapya ya kutoboa chuma na zege, pamoja na mazoezi ya miezi mingi. Visu havikuwa na kazi pale.

MWAVULI WENYE KASORO

Ili kukielewa kisu, hapana budi kwanza kuuelewa mwavuli. Mwavuli wa Waingereza na wa Wamarekani ulimshika mtu kwa kamba mbili kubwa juu ya mabega, hata akaweza kuzivuta na kujielekeza kidogo. Mwavuli wa Kijerumani haukuwa hivyo. Kamba zake zote zilikutana mahali pamoja nyuma ya mgongo, kati ya mabega. Mtu alining'inia akielekea mbele na chini, kama mtoto wa paka aliyeshikwa shingoni na mama yake. Hakuweza kuzifikia kamba, wala kuchagua atue wapi.

Kasoro hiyo ilizaa mambo matatu. La kwanza, askari alitua kwa kuanguka mbele juu ya magoti na mikono, na ndiyo sababu ya ile mito ya magotini tuliyoiona pichani. La pili, hakuweza kuruka na mzigo mrefu mwilini. Kwa kawaida aliruka na bastola, mabomu ya mkono na kisu chake. Baadhi walibeba bunduki fupi za rashasha, lakini bunduki za kawaida na bombomu ziliangushwa mbali naye, ndani ya makasha yenye miavuli yao wenyewe. Akishatua, kazi ya kwanza ni kulitafuta kasha.

La tatu ni kwamba mwavuli wenyewe ulikuwa mgumu kuuvua. Katika mifano ya kwanza mikanda ilifungwa kwa bakoli zilizohitaji mikono miwili na utulivu. Sasa fikiri, mtu ametua penye upepo, anaburutwa juu ya mawe, mkono mmoja umelaliwa na mwili au umevunjika. Au amenasa juu ya mti, miguu yake haifiki chini. Bakoli haimfai kitu. Anahitaji chombo cha kukata kamba ambacho kinafunguka kwa mkono mmoja, mkono wowote.

KISU CHENYEWE

Chombo hicho ndicho kisu chetu. Kilianza kutolewa mnamo mwaka 1937, nacho kilifuliwa Solingen, mji wa Ujerumani uliojulikana kwa visu na panga kwa karne nyingi. Wajerumani walikiita *Kappmesser*. Mimi ni mtumishi wa serikali, na katika kazi yetu nimezoea kuangalia kwanza kifaa kimeandikwa katika daftari kwa jina gani, kwa sababu jina mara nyingi hutaja kazi. *Messer* ni kisu. *Kappen* ni neno la mabaharia wa kaskazini, maana yake kukata kamba, kama vile kamba ya nanga au ya tanga wakati wa dhoruba. Basi jibu la swali la mwalimu lilikuwa limeandikwa katika jina lenyewe.

Kilifanya kazi hivi. Bapa lenye urefu wa sentimeta 10 hivi lilikaa ndani ya mpini. Askari alikielekeza kisu chini, akabonyeza kijiti cha pembeni kwa kidole gumba, na bapa likaanguka nje kwa uzito wake. Akikiachia kijiti, bapa linakazwa. Kulirudisha aligeuza kisu juu na kubonyeza tena. Hakuna springi ya kukatika, wala kucha ya kufungulia. Pembeni palikuwa na msumari mnene uliokunjwa, wa kufungulia mafundo yaliyokaza, kama ule wanaoutumia mabaharia. Mpini ulikuwa na kitanzi cha kufungia kamba, ili kisu kisipotee kikiponyoka. Askari alikiweka katika mfuko wake maalumu wa suruali, upande wa paja la kulia, mahali ambapo mkono unafika hata mtu akiwa ananing'inia.

Je, kilikuwa silaha? Kila chenye makali chaweza kuwa silaha, na bila shaka wako waliokitumia hivyo. Lakini kitazame kilivyo. Kina makali upande mmoja tu, bapa lake ni fupi, na hakina kinga kati ya mpini na makali. Anayechoma kwa nguvu na kisu kisicho na kinga, mkono wake hutambaa mbele ukakutana na makali. Mwenzangu alilifahamu jambo hili kwa nyuzi saba, kabla sisi wote hatujalisoma kitabuni.

Linganisha na kisu cha makomando wa Kiingereza. Kile kilibuniwa na W. E. Fairbairn na E. A. Sykes, maofisa waliofanya kazi ya polisi Shanghai, nacho kilianza kutengenezwa London mwanzoni mwa mwaka 1941. Kilikuwa chembamba, makali pande mbili, ncha kama sindano, na kilikuwa na kinga ya mkono. Kwa kukata kamba au mkate hakikufaa sana. Hicho ndicho kilichotengenezwa kuua mtu. Ajabu ni kwamba sisi bwenini tulimpa Mjerumani sifa ya kisu ambacho hasa kilikuwa cha Mwingereza.

Tusichanganye pia visu vya Wajerumani wenyewe. Maofisa wa Jeshi la Anga walikuwa na jambia la heshima la kuvaliwa kwenye sherehe. Askari mwenye bunduki alikuwa na singe, yenye bapa la sentimeta 25 hivi. Tena kulikuwa na kisu cha mapambano, chenye mpini wa mti na ala ya chuma yenye kibanio, kilichochomekwa ndani ya buti au kifuani. Hiki cha mwisho kilitokana na mahandaki ya Vita Kuu ya Kwanza, ambamo singe ndefu haikuwa na nafasi ya kugeukia. Lakini hata hicho, siku nyingi kazi yake ilikuwa kufungua makopo, kukata mkate na kuchonga vijiti.

MAFUNZO YA ANA KWA ANA

Isidhaniwe nasema kwamba askari hawa hawakufunzwa kupigana kwa karibu. Walifunzwa sana. Mtu anayeshuka katikati ya adui hana mstari wa mbele wala wa nyuma, na huenda adui wa kwanza atakayemwona yuko hatua kumi tu. Kwa hiyo walifundishwa ngumi, mieleka, jiu-jitsu ya Kijapani, kupigana kwa singe, kutupa mabomu ya mkono na kupiga bastola kwa haraka. Hata Max Schmeling, bingwa wa dunia wa ngumi za uzito wa juu tangu 1930 hadi 1932, aliyempiga Joe Louis mwaka 1936 na kupigwa naye mwaka 1938, aliingizwa katika jeshi hilo. Serikali ilifurahia kupiga picha zake. Aliruka Krete mwaka 1941, akaumia na kuugua, na vita vyake huko vikaishia hospitalini. Ngumi zile zilizotikisa dunia hazikupata mtu wa kumpiga.

Katika mafundisho ya Wajerumani silaha za karibu zilikuwa na daraja zake. Mbele kabisa ni bunduki ya rashasha na bomu la mkono. Kisha singe. Kisha beleshi fupi la kuchimbia mahandaki, ambalo askari wa zamani walilinoa ukingo, nalo liliogopwa kuliko kisu. Kisu kilikuja mwisho, pale vyote vingine vimekwisha.

Tena mapambano ya namna hiyo yalikuwa machache kuliko sinema zinavyotuonyesha. Tarehe 25 Novemba 1942 Hitler alianzisha nishani ya mapambano ya karibu. Siku 15 za mapambano zilimpa mtu nishani ya shaba, 30 ya fedha, na 50 ya dhahabu. Katika jeshi lenye mamilioni ya watu, waliopata ile ya dhahabu walikuwa mia chache tu. Wengine wengi waliostahili bila shaka walikufa kabla siku zao hazijatimia.

KRETE, MEI 1941

Jina la Krete wasomaji wa Biblia wanalifahamu, kwani ndiko Paulo alikomwacha Tito. Ni kisiwa kirefu cha Ugiriki, chenye milima mikali na mashamba ya mizeituni. Asubuhi ya tarehe 20 Mei 1941 ndege za Junkers 52, kila moja imebeba askari 12 au 13, zilianza kuwaangusha askari wa Student juu ya Maleme na Chania, na alasiri juu ya Rethymno na Heraklion. Huu ulikuwa uvamizi wa kwanza mkubwa katika historia uliotegemea askari wa angani hasa.

Waliokuwa wakiwangoja chini walikuwa Waingereza, Wanyuzilandi, Waaustralia na Wagiriki, chini ya Jenerali Bernard Freyberg. Waingereza walikuwa wamefumbua siri za redio za Wajerumani, kwa hiyo uvamizi ulitazamiwa. Wajerumani, kinyume chake, walidhani walinzi ni wachache.

Kilichotokea Maleme ni kile ambacho picha yetu ya bwenini haikutueleza. Batalioni moja ya Kikosi cha Mashambulizi, yenye watu 600 hivi, iliangushwa juu ya mashamba yaliyojaa Wanyuzilandi waliojificha chini ya mizeituni. Wengi walipigwa risasi wangali hewani. Wengine walinasa mitini. Waliofika chini walikuwa na bastola na kisu, huku bunduki zao zimelala ndani ya makasha, mita mia au mia mbili mbele yao, uwanjani peupe. Kila aliyelikimbilia kasha alipigwa. Kabla siku haijaisha watu karibu 400 wa batalioni ile walikuwa wamekufa, pamoja na mkuu wao.

Ndugu zangu, hapo ndipo kisu kilipofanya kazi yake ya kweli. Kiliwatoa katika kamba wale waliobahatika kuwa hai. Lakini kilichofuata hakikuwa na uwezo nacho. Mtu aliyejikata kutoka mtini na kusimama na kisu mkononi mbele ya bunduki hana tofauti na mtu aliye mikono mitupu. Vijana wale hawakukosa ujasiri wala mafunzo. Waliuawa na kasoro ya mwavuli ambayo wakubwa wao waliijua tangu Stendal.

Kisiwa hatimaye kilianguka, lakini si kwa kisu. Usiku wa tarehe 20 walinzi wa kilima namba 107 kilichotazama kiwanja cha ndege cha Maleme, wakiwa wamekatikiwa na mawasiliano, walirudi nyuma. Kesho yake ndege za Wajerumani zikaanza kutua pale na kumwaga askari wa milimani. Kiwanja kimoja cha ndege kikaamua vita.

Makali yaliyotumika kwa wingi katika vita vile yalikuwa singe za upande wa pili. Tarehe 27 Mei, mahali palipoitwa Mtaa wa 42, Wanyuzilandi, wakiwamo Wamaori, pamoja na Waaustralia, waliinuka na singe wakawarudisha nyuma Wajerumani wa kikosi cha milimani kwa hasara kubwa. Hata hivyo kurudi nyuma kuelekea pwani ya kusini kuliendelea, na kufikia tarehe 1 Juni kisiwa kilikuwa mikononi mwa Wajerumani.

Wajerumani waliokufa au kupotea walikaribia 4,000, wengi wao wa miavuli. Mwezi Julai Hitler alimwambia Student kwamba siku za askari wa miavuli zimekwisha.

VISU VYA WANAVIJIJI

Kuna visu vingine katika hadithi hii. Mji wa Chania una mtaa wa wahunzi wa visu tangu zamani. Kisu cha Krete ni cha mchungaji na mkulima, na mara nyingi bapa lake huchorwa ubeti mfupi wa shairi, kama vile kanga zetu zinavyobeba maneno. Mwaka 1941 vijana wengi wa kisiwa hawakuwapo, kwa maana divisheni ya Krete ilikuwa imekwama bara baada ya kupigana Albania. Tena serikali ya Ugiriki ilikuwa imewanyang'anya watu bunduki baada ya maasi ya Chania ya mwaka 1938. Waliobaki ni wazee, wanawake, mapadri na watoto.

Hao walitoka na walichokuwa nacho. Wengine walikuwa na magobore ya babu zao, wengine mashoka, mundu na visu vya kuchinjia kondoo. Waliwashambulia askari walionasa katika kamba zao. Mapambano ya visu ambayo sisi bwenini tuliyaota yalitokea kweli, ila walioshika visu hawakuwa askari wa pichani, bali wenye nyumba waliovamiwa.

Wajerumani walikasirika mno. Wao waliona raia hana haki ya kupigana. Zikaenea habari kwamba askari wao waliteswa na kukatwa viungo. Wanasheria wa Jeshi la Anga lenyewe walipochunguza walikuta visa kama 25 tu, na karibu vyote vilikuwa vya maiti. Lakini kisasi hakikungoja. Tarehe 31 Mei Student alitoa amri ya kuua na kuchoma vijiji bila kupitia mahakama. Tarehe 2 Juni 1941 askari wa miavuli waliingia kijiji cha Kondomari, wakawatenga wanaume, wakawapeleka kwenye shamba la mizeituni na kuwapiga risasi. Hesabu ya Wajerumani ilisema 23, ilhali wenyeji wanataja wengi zaidi. Kesho yake kijiji cha Kandanos kiliteketezwa, watu wapatao 180 wakauawa, na bango likasimikwa kutangaza kwamba hakitajengwa tena. Kilijengwa tena.

Habari za Kondomari tunazijua vizuri kwa sababu moja. Mpiga picha wa jeshi, Franz-Peter Weixler, alikuwapo na kamera yake, naye hakukubaliana na jambo lile. Baadaye alikamatwa na serikali yake mwenyewe, na baada ya vita alitoa ushahidi katika kesi ya Göring. Picha zake zilifufuliwa kutoka katika hifadhi ya nyaraka ya Ujerumani mwaka 1980. Nimeziona. Zinawaonyesha askari wale wale wa gazeti letu, kofia zile zile zisizo na ukingo. Mikononi wana bunduki, na mbele yao wanasimama wanaume waliovaa nguo zao za shamba. Kisu hakionekani, wala hakikuhitajika.

Kwa kumbukumbu, Student alishtakiwa na mahakama ya Kiingereza mwaka 1946 kwa mambo ya mateka wa kivita, si ya vijiji. Alihukumiwa miaka mitano, lakini hukumu haikuthibitishwa, akafa mzee mwaka 1978. Jenerali Bruno Bräuer, aliyekuwa wa miavuli na baadaye mkuu wa Krete, alipigwa risasi Athens tarehe 20 Mei 1947, siku ile ile ya uvamizi, miaka sita baadaye.

BAADA YA KRETE

Askari wa miavuli waliobaki walipelekwa kupigana kwa miguu, huko Urusi, Afrika ya Kaskazini, Sisilia na Italia. Huko ndiko walikokutana hasa na mapambano ya karibu waliyofunzwa. Mjini Ortona, Desemba 1943, walipigana na Wakanada kwa wiki nzima, nyumba kwa nyumba, chumba kwa chumba. Wakanada walitoboa kuta kwa baruti ili wapite nyumba hadi nyumba bila kutoka barabarani, na kabla ya kuingia chumba walitanguliza bomu la mkono. Raia wa mji ule waliokufa wanakadiriwa kuwa 1,300. Hiyo ndiyo sura halisi ya vita vya ana kwa ana: vumbi, moshi, na mama aliyejificha chini ya ngazi.

Na kisu chetu? Baada ya vita jeshi jipya la Ujerumani Magharibi liliwapa tena askari wake wa miavuli kisu cha namna ile, kwa kazi ile ile ya kamba. Lakini mitaani kilipata sifa nyingine. Uingereza ilikipiga marufuku kwa sheria ya mwaka 1959, na Ujerumani yenyewe ikafanya hivyo kwa raia mwaka 2003. Jina baya lilikuwa limeishinda kazi yake.

JIBU

Basi, mwalimu wetu, jibu tulilokuwa tukidaiwa ni hili: kilitengenezwa kukata kamba. Kilitengenezwa kumwokoa mtu na mwavuli wake mwenyewe. Shingo tuliziongeza sisi, pamoja na watunga sinema.

Nanyi wadogo zetu, sisemi msizipende habari za vita. Mimi bado nazisoma. Nasema tu kwamba mkiona picha ya shujaa na silaha yake, ulizeni maswali mawili. La kwanza ni la mwalimu, chombo hiki kilitengenezwa kwa kazi gani? La pili ni langu, nililolipata katika picha za Kondomari: ni nani aliyesimama mbele yake, ambaye picha imemwacha nje?

Mwenzangu wa nyuzi saba ameniahidi kuja mkutanoni mwaka huu. Mtamtambua kwa namna anavyoshika kikombe cha chai, kwa kuwa kidole kimoja hakikunji sawasawa hadi leo. Mwulizeni awaonyeshe kiganja. Kile kisu tulichokitengeneza hatujui kiko wapi, maana mwalimu hakuturudishia. Ila mwaka ule ule mpishi wa shule alianza kukatia kamba za magunia ya maharage kwa kisu kifupi cha mpini wa mpera, na hatukuthubutu kumwuliza amekipata wapi.